Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kusanifu toleo kubwa lijalo la fremuweki ya programu za wavuti

Majibu haya yanawahusu watunzaji wa fremuweki, yaani kiunzi cha msimbo ambacho programu hujengwa juu yake, inayoendeshwa kwenye seva: yenye ruta (huelekeza kila anwani kwenye msimbo wake), matabaka ya kati (ambayo kila ombi na jibu hupitia), violezo (kurasa zenye nafasi za kujazwa), tabaka la hifadhidata na foleni ya kazi (kazi zinazofanywa nje ya ombi), na ambayo tayari ina programu nyingi zinazoitegemea. Lugha iliyotumika kuiandika haibadilishi mengi. Pale inapobadilisha, tumesema.

Usanifu wa toleo kubwa uanzie wapi?

Uanzie kwenye njia ya kulifikia. Kabla ya kuorodhesha vipengele vipya, wekeni sharti moja: msimbo uleule wa mtumiaji uweze kuendeshwa kwenye toleo la mwisho la mfululizo wa zamani na kwenye toleo la kwanza la mfululizo mpya, bila kugusa hata mstari mmoja. Kila wazo lipimwe kwa sharti hilo. Wazo zuri linalolivunja lirudi mezani mpaka lipatiwe hatua ya kati.

Timu yenye programu kubwa haiwezi kusimamisha kazi miezi mitatu ili ihame. Inahama kidogo kidogo huku ikirekebisha dosari na kuhudumia watu. Msimbo usipoweza kuishi pande zote mbili, timu hulazimika kutunza tawi la pili (nakala sambamba ya msimbo), na tawi hilo huachwa nyuma kila siku mpaka anayeliunganisha anachoka.

Ember 2.0 (fremuweki ya JavaScript) ya Agosti 2015 ilifuata njia hii: ilikuwa toleo la 1.13 lililofagiwa vitu ambavyo tayari vilikuwa vimestaafishwa, yaani vimetangazwa kuwa vitaondolewa. Aliyemaliza maonyo yote ya 1.13 hakuwa na kikubwa kilichobaki. Vipengele vipya vilikuja kwenye matoleo madogo (yasiyoondoa kitu). Tunapendekeza utaratibu huo kwa moyo wote, ingawa unainyima siku ya uzinduzi shamrashamra zake.

Si afadhali tuandike upya kila kitu?

Ndani, mnaweza. Ruta yote inaweza kubadilishwa, mkusanyaji wa violezo (programu inayogeuza violezo kuwa msimbo) anaweza kuandikwa upya, mradi sura ya nje ibaki ileile na majaribio ya zamani yapite. Kuandika upya sura ya nje kwa mkupuo ndiko kunakoumiza.

AngularJS, fremuweki nyingine ya JavaScript, ilitoka mwaka 2010. Angular 2, ya Septemba 2016, ilikuja na muundo mwingine wa vipande na maandishi mengine ya violezo. Kulikuwa na njia ya kuendesha zote mbili ndani ya ukurasa mmoja, lakini kila kipande kilipaswa kuandikwa upya kwa mkono, na msaada wa AngularJS ulidumu hadi tarehe 31 Desemba 2021. Kwenye lugha ya Python, toleo la 3.0 lilitoka Desemba 2008, na Python 2 iliagwa tarehe 1 Januari 2020. Matumaini ya mwanzo yalikuwa kwamba watu wangegeuza msimbo mara moja kwa chombo maalumu. Watunzi wa maktaba walihitaji kitu kingine: msimbo mmoja unaokwenda pande zote. Ndiyo maana Python 3.3 ya mwaka 2012 ilirudisha herufi u mbele ya maandishi, ingawa kwenye Python 3 haina kazi yoyote. Ilirudishwa ili mstari uleule usomeke kotekote.

Kipengele kistaafishwe kwa hatua zipi?

Kwanza mbadala utoke na utumike, angalau toleo dogo moja kabla ya onyo lolote. Kuonya watu wakati mbadala haujakomaa huwafanya wazime maonyo, na wakishayazima hawayawashi tena. Pili, nyaraka ziseme kipengele kinastaafu. Tatu, onyo litokee msimbo unapoendeshwa. Nne, mtumiaji aweze kugeuza onyo kuwa kosa kwa hiari yake, hasa kwenye majaribio. Tano, kiondolewe.

Onyo lenyewe liwe na vitu vinne: jina la kinachoondoka, mbadala wake, toleo litakalokiondoa, na faili pamoja na mstari wa msimbo wa mtumiaji. Hicho cha mwisho ndicho hukosewa sana. Onyo huelekeza kwenye faili ya ndani ya fremuweki, mahali lilipoandikwa, na mtumiaji habaki na la kufanya. Pandeni mfululizo wa miito (orodha ya funksheni zilizoitana hadi hapo) mpaka mtoke nje ya folda ya fremuweki, kisha mtaje mstari huo. Kosa la pili ni onyo linalojirudia kwa kila ombi hadi batli (kumbukumbu ya matukio ya programu) inafurika. Onyo moja kwa kila mahali panapohusika, kwa kila mchakato, linatosha.

Django, fremuweki ya Python, hulipa kila tapo la maonyo aina yake, yenye namba ya toleo ndani ya jina. Kwa hiyo mtu anaweza kugeuza kuwa makosa yale tu ya toleo linalofuata na kuyaacha ya mbali. Utaratibu wake nao unafahamika mapema: matoleo ya vipengele hutoka takriban kila miezi 8, na kinachostaafishwa huonya kwa angalau matoleo mawili ya vipengele kabla ya kutoweka. Igeni hilo. Ratiba inayojulikana ni bora kuliko muda mrefu usiojulikana.

Tunataka kubadilisha chaguo-msingi (kinachotumika mtu asipochagua) bila kubadilisha jina la kitu. Inakuwaje?

Hili ni gumu zaidi kuliko kuondoa, kwa kuwa hakuna kinachovunjika kwa kelele. Msimbo unaendelea kukubali, matokeo yanabadilika. Njia iliyothibitika ni ya Rails, fremuweki ya lugha ya Ruby: faili ya mipangilio ina mstari unaosema chaguo-msingi za toleo lipi zitumike. Programu ikipandishwa toleo, mstari unabaki na namba ya zamani, na tabia haibadiliki. Kisha mtumiaji hupewa faili yenye kila chaguo jipya likiwa limezimwa; anawasha moja, anaendesha majaribio, anapeleka toleo kwenye seva, anaendelea na jingine. Akimaliza, anapandisha namba na kufuta faili.

Gharama iko kwenu: kila tabia mbili ni njia mbili za kupimwa. Kwa hiyo wekeni ukomo. Chaguo-msingi za zamani zidumu kwa mfululizo mmoja mkubwa tu.

Kigeuzi cha msimbo, yaani chombo kinachorekebisha msimbo wa mtumiaji chenyewe, kitatuokoa?

Kitaokoa kazi ya kuchosha: majina yaliyobadilika, mpangilio wa vigezo, njia za kuingiza moduli. Kiandikwe juu ya mti wa sarufi wa lugha (muundo wa msimbo kama lugha inavyousoma) na si kwa kutafuta na kubadilisha maandishi, kihifadhi maoni na nafasi za mwandishi, na kikiendeshwa mara ya pili kisibadilishe kitu.

Kinashindwa pale jina linapoundwa wakati programu inaendeshwa, kwenye mipangilio iliyo ndani ya maandishi tu, na ndani ya violezo. Pale kinaposhindwa kisinyamaze. Kiache alama kwenye mstari, inayotafutika kwa neno moja, ili mtu amalizie kwa mkono.

Je, fremuweki nzima iwe ya msimbo usiosubiri?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na jibu letu ni: kiini kiwe hivyo, watumiaji wasilazimishwe.

Msimbo usiosubiri (async), yaani unaoachia kazi nyingine iendelee huku ukingoja jibu, hufaa programu inapokaa muda mrefu ikingoja wengine: miunganisho ya WebSocket (mawasiliano ya kudumu kati ya kivinjari na seva) iliyo wazi kwa saa nzima, majibu yanayotiririka, maombi kwa huduma kumi za nje kwa pamoja. Hauharakishi ukurasa unaofanya hoja tatu za hifadhidata (maombi ya data) na kuchora kiolezo. Ukurasa huo hutumia muda wake kwenye hifadhidata na kwenye kichakataji, na hapo hakuna kinachopungua.

Tatizo la usanifu ni kwamba funksheni isiyosubiri haiitwi ovyo na funksheni ya kawaida. Ukigeuza tabaka la hifadhidata, kila kinacholiita lazima kigeuke, na kila kinachokiita hicho pia. Sharti la msimbo mmoja linavunjika hapohapo. Django ilikwenda hatua kwa hatua: toleo la 3.0 la Desemba 2019 lilileta kiolesura cha seva isiyosubiri, 3.1 likaruhusu vishughulikia-ombi visivyosubiri kando ya vile vya kawaida, na 4.1 la Agosti 2022 likaongeza miito isiyosubiri kwenye tabaka la hifadhidata kwa majina yanayoanza na herufi a. Majina ya zamani yalibaki. Haipendezi sana machoni, lakini hakuna programu iliyovunjika.

Mkifuata njia hii, angalieni mambo matatu. La kwanza ni data inayohifadhiwa kwa kila uzi, yaani mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya mchakato. Kwenye seva ya kawaida uzi mmoja hushughulikia ombi moja kwa wakati, kwa hiyo watu huweka humo mtumiaji aliyeingia. Kwenye seva isiyosubiri, maombi mengi hupokezana ndani ya uzi mmoja. Ombi la pili linaweza kumkuta mtumiaji wa ombi la kwanza. Hilo ni shimo la usalama, na halionekani kwenye majaribio ya ombi moja moja. Hamisheni data zote za namna hiyo kwenye muktadha unaofuata ombi, na andikeni jaribio linalotuma maombi mawili yanayopishana makusudi.

La pili ni mwito mmoja unaozuia. Mtu akisoma faili kubwa au akikokotoa alama ya nywila (inayohifadhiwa badala ya nywila yenyewe) ndani ya kishughulikia-ombi kisichosubiri, maombi yote ya mchakato huo husimama. Katika hali ya uundaji, pimeni mzunguko wa kazi (unaogawia maombi zamu) na mwonye ukikwama zaidi ya milisekunde 100, mkitaja mstari uliosababisha.

La tatu ni daraja kati ya dunia mbili. Kila kishughulikia-ombi cha kawaida kinachoendeshwa na kiini kisichosubiri huhitaji uzi kutoka kwenye bwawa la nyuzi, yaani idadi maalumu ya nyuzi zinazogawanwa. Bwawa lenye nyuzi 10 huruhusu maombi 10 ya aina hiyo kwa pamoja, hata kama seva inakubali miunganisho 5,000. Ukomo huo uwe mpangilio unaoonekana, na kusubiri kwenye bwawa kuandikwe kwenye batli kama kipimo cha peke yake. Bila hivyo watu watailaumu hifadhidata.

Tabaka la hifadhidata libadilike nini?

Tungeanza na hoja zinazojirudia. Ukurasa unaorodhesha makala 50 na jina la mwandishi wa kila moja. Msimbo unaleta makala kwa hoja 1, kisha ndani ya kiolezo jina la mwandishi linaitwa mara 50. Jumla 51. Kwenye kompyuta ya msanidi, hifadhidata ikiwa palepale, haionekani. Hifadhidata ikiwa ng'ambo ya mtandao, milisekunde 2 kwa kila hoja ni zaidi ya milisekunde 100 za kusubiri tu.

Vyombo vya kuleta uhusiano (rekodi zinazohusiana) kwa pamoja vipo kwenye fremuweki zote kubwa. Kinachokosekana ni ulinzi pale mtu anaposahau. Rails 6.1 ya Desemba 2020 ilileta hali kali inayokataa kuleta uhusiano usioombwa mapema. Pendekezo letu ni ngazi tatu za mpangilio huo: kuruhusu, kuonya, kukataa. Programu ya zamani ibaki kwenye kuruhusu, programu mpya ianze na kuonya wakati wa uundaji, na majaribio yakatae. Kwenye uzalishaji (seva zinazohudumia watu halisi) msikatae kamwe kwa chaguo-msingi. Ukurasa wa polepole ni bora kuliko ukurasa wenye kosa 500 (kosa la seva).

Jambo la pili ni miunganisho. Hifadhidata ya PostgreSQL huruhusu miunganisho 100 kwa chaguo-msingi, na michache kati yake imetengwa kwa msimamizi. Seva 4, kila moja na michakato 8, kila mchakato na bwawa la miunganisho 5, ni 160. Programu itakwenda vizuri wiki nzima, kisha siku ya watu wengi itaanza kukataliwa. Fremuweki haiwezi kujua idadi ya seva, lakini inaweza kuchapisha inapoanza hesabu ya mchakato mmoja, na kutoa amri inayozidisha kwa idadi unayoitaja kisha kulinganisha na ukomo wa hifadhidata.

Na migresheni, yaani mabadiliko ya muundo wa hifadhidata?

Wakati wa kutoa toleo jipya la programu, msimbo wa zamani na mpya huwa hai pamoja kwa dakika kadhaa, vyote vikisoma jedwali moja. Ni sharti lilelile la kuishi pande mbili, sasa likiwa upande wa data. Kubadilisha jina la safu wima ya jedwali kwa migresheni moja humaanisha kwamba upande mmoja lazima ukosee.

Kwa hiyo fremuweki itenganishe migresheni za kabla ya kutoa toleo na za baada ya kulitoa. Kubadilisha jina la safu huwa hivi: ongeza safu mpya, peleka kwenye seva msimbo unaoandika zote mbili, nakili data ya zamani kwa mafungu, mathalani rekodi 1,000 kwa kila muamala (mabadiliko yanayokubaliwa au kukataliwa kwa pamoja), peleka msimbo unaosoma mpya tu, peleka msimbo ulioacha kuandika ya zamani, ndipo uifute. Ni hatua sita, na watu huziruka kwa sababu fremuweki huwapa amri moja fupi ya kubadilisha jina. Amri hiyo ibaki, lakini kwenye uzalishaji iombe uthibitisho wa wazi.

Kwenye PostgreSQL kuna mitego ambayo chombo cha migresheni kinaweza kuikagua chenyewe. Kuongeza safu yenye thamani ya msingi isiyobadilika hakuandiki upya jedwali zima tangu toleo la 11. Kabla ya hapo kuliliandika upya. Kuikataza safu isiwe tupu hukagua jedwali lote likiwa limefungwa, isipokuwa kwanza uweke sharti la ukaguzi lisilothibitishwa, ulithibitishe baadaye, kisha ndipo ukataze. Toleo la 12 na kuendelea hutumia sharti hilo na kuruka ukaguzi. Faharasa (ya kuharakisha utafutaji) ijengwe kwa njia isiyofungia waandishi, na njia hiyo haikubali kuwa ndani ya muamala. Ikikatika katikati huacha faharasa batili inayopaswa kufutwa kwa mkono, kwa hiyo chombo kiitafute na kuitaja.

Mtego mbaya kuliko yote ni foleni ya kufuli (kufuli huzuia wengine kugusa jedwali). Badiliko la jedwali linalohitaji milisekunde 5 tu likikuta hoja ndefu inaendelea, husubiri. Na kila hoja inayokuja nyuma yake, hata ya kusoma tu, husubiri pia. Huduma yote husimama kwa sababu ya badiliko dogo. Chombo kiweke ukomo wa kusubiri kufuli, tuseme sekunde 2, kikate tamaa, kipumzike, kijaribu tena. Hili liwe chaguo-msingi tangu siku ya kwanza.

Hifadhidata ya MySQL nayo huthibitisha muamala yenyewe inapokutana na badiliko la muundo, kwa hiyo migresheni iliyofeli katikati haijirudishi. Badiliko moja kwa kila migresheni ndiyo kanuni salama huko.

Ruta irekebishwe vipi?

Ilinganishe njia kwa mti badala ya kupita orodha moja moja, na ikatae wakati wa kuanza njia mbili zinazogongana bila mshindi wa wazi. Njia iliyopo ikiitwa kwa mbinu (kama GET au POST) isiyoruhusiwa, jibu ni 405 (mbinu hairuhusiwi) pamoja na orodha ya mbinu zinazokubalika, na si 404 (haipo).

Punguzeni misemo ya ruwaza (regex) ndani ya njia. Ruwaza iliyoandikwa vibaya inaweza kumaliza kichakataji kwa anwani moja ndefu ya makusudi. Express 5 (fremuweki ya JavaScript), iliyotoka mwaka 2024, iliondoa vipande vya ruwaza kwenye maandishi ya njia kwa sababu hiyo. Aina chache zenye majina, kama namba, kitambulisho na jina-fupi, hutosha karibu kila mahali.

Mpangilio wa matabaka ya kati bado ni orodha tu?

Ndiyo, na makosa mengi hutoka hapo. Tabaka la kubana majibu likiwa ndani ya tabaka la kuweka akiba (nakala za majibu), au ukaguzi wa mtumiaji ukitangulia seshoni (kumbukumbu ya mtumiaji aliyeingia) unayoitegemea, hakuna anayeonya. Kila tabaka litangaze linachohitaji na linachotoa, na fremuweki ikague orodha inapoanza. Isijaribu kuipanga yenyewe. Mpangilio uliofichwa ni mgumu kufuatilia usiku wa hitilafu.

Usalama gani uwe wa chaguo-msingi?

Ule ambao msanidi hahitaji kuukumbuka. Violezo vitoroshe maandishi yote (vigeuze alama za HTML ziwe maandishi tu), na kupitisha HTML ghafi kuhitaji neno la wazi linalotafutika. Fomu zipokee sehemu zilizotajwa tu: Machi 2012 GitHub ilipatwa na dosari iliyotokana na kukubali kila sehemu ya fomu moja kwa moja kwenye rekodi, na Rails 4.0 ya mwaka 2013 ikafanya orodha ya sehemu zinazoruhusiwa kuwa jambo la lazima.

Dhidi ya maombi ya kughushiwa kutoka tovuti nyingine, tokeni ya fomu (neno la siri lililowekwa ndani ya fomu) ibaki. Kichwa cha Sec-Fetch-Site, kinachoonyesha kama ombi limetoka tovuti ileile au nyingine, na ambacho vivinjari vyote vikuu hukituma tangu mwaka 2023, kinaweza kuwa ukaguzi wa kwanza wa bei nafuu. Kuzuia vidakuzi kwa kiwango cha Lax (visitumwe na maombi mengi ya tovuti nyingine), ambacho Chrome ilianza kukifanya chaguo-msingi mwaka 2020, hakutoshi peke yake. Hakuzuii shambulio linalotoka kwenye kikoa kidogo cha tovuti ileile, wala hakusaidii ukurasa unaobadilisha data kwa ombi la GET.

Kwa nywila, Argon2id (njia ya kukokotoa alama ya nywila) yenye MiB 19 za kumbukumbu, mizunguko 2 na mkondo 1 ni kiwango cha chini ambacho OWASP, shirika la usalama wa programu, hukipendekeza. Kumbukeni hesabu ya seva: watu 50 wakiingia kwa pamoja ni MiB 950. Bcrypt, njia nyingine ya aina hiyo, husoma baiti 72 za kwanza tu, kwa hiyo anayeitumia aonywe. Alama ya zamani ibadilishwe mtumiaji anapoingia, ambapo ndipo pekee nywila yenyewe inapokuwepo.

Tukibadilisha sahihi ya vidakuzi (inayothibitisha kwamba havikughushiwa), watu watatolewa nje?

Watatolewa, tena kwa namna ya kukanganya. Wakati seva nusu ni za zamani na nusu ni mpya, ombi moja hupokewa na jingine hukataliwa, na mtumiaji huingia na kutoka bila kujua sababu. Django 3.1 ilipohama kutoka SHA-1 kwenda SHA-256 (kanuni za kukokotoa sahihi) iliweka mpangilio wa muda uliowezesha seva mpya kuendelea kutia sahihi ya zamani. Utaratibu ni huu: toleo la kwanza lisome zote mbili na kuandika ya zamani, seva zote zikishahama, liandike mpya, na ya zamani ikome kusomwa muda wa juu wa seshoni ukishapita.

Foleni ya kazi iwe ndani ya fremuweki?

Iwepo ya msingi, inayotumia hifadhidata ileile. PostgreSQL tangu 9.5 na MySQL tangu 8.0 zinaweza kuruka rekodi zilizofungwa na mwingine, kwa hiyo wafanyakazi (michakato inayotekeleza kazi) kadhaa huchota kazi bila kugombana. Rails 8 ya mwaka 2024 ilichukua njia hii.

Ikiwa foleni iko nje ya hifadhidata, kazi isitumwe kabla muamala haujathibitishwa. La sivyo mfanyakazi mwepesi hutafuta rekodi ambayo bado haipo, anafeli, na dosari hiyo hutokea mara moja kati ya mia. Kazi zote zidhaniwe zitaendeshwa zaidi ya mara moja. Na kazi iliyowekwa na toleo la zamani itasomwa na toleo jipya, kwa hiyo maelezo yake yabebe namba ya muundo.

Violezo vya seva, au kila kitu kwa JavaScript kwenye kivinjari?

Violezo vya seva viwe msingi, na kiolezo kiweze kuchora kipande kimoja tu cha ukurasa ili kivinjari kikibadilishe. Fomu iliyokosewa ijibu 422 (data haikubaliki), iliyofaulu ijibu 303 (nenda ukurasa mwingine). Msichague maktaba ya kivinjari kwa niaba ya watumiaji. Hizo hubadilika haraka kuliko fremuweki ya seva inavyoweza kufuata.

Majibu ya makosa kwa API, yaani kwa programu nyingine zinazoita yetu?

Tumieni muundo wa RFC 9457, waraka wa viwango vya mtandao, wa mwaka 2023. Msibuni wenu.

Tutapimaje kasi bila kujidanganya?

Ukurasa unaojibu neno moja haupimi kitu kinachomhusu mtu yeyote. Tengenezeni programu ya kipimo yenye kuingia, seshoni, hoja 5, kiolezo chenye orodha ya rekodi 100 na fomu moja. Ipimeni kwenye mashine ileile, toleo la zamani na jipya kwa kupokezana, na mtazame asilimia ya 50 na ya 99 (muda ambao asilimia hiyo ya maombi humalizika ndani yake) badala ya wastani. Pimeni pia muda wa kuanza na kumbukumbu baada ya maombi 100,000. Uvujaji mdogo hujitokeza hapo tu.

Programu-jalizi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wengine, zitahama vipi?

Hapa ndipo toleo kubwa hufa au hupona. Programu ya kawaida hutegemea jalizi kadhaa, na moja tu isiyohama huzuia zote. Tangazeni kwa maandishi kiolesura kilicho cha umma, mkiweka kingine chote ndani ya moduli yenye jina linaloonyesha ni ya ndani. Kisha chukueni jalizi zinazotumika sana, labda 30, mwendeshe majaribio yao kila usiku dhidi ya tawi lenu kuu. Badiliko likivunja tatu kati yake, ama badiliko lirudishwe, ama marekebisho yatumwe kwa watunzaji wake na ninyi wenyewe. Msiwaambie tu kwamba imevunjika.

Toleo la zamani lihudumiwe mpaka lini?

Tarehe itangazwe siku toleo jipya linapotoka. Vue 3 (fremuweki ya JavaScript) ilitoka Septemba 2020 na Vue 2 ikahudumiwa hadi tarehe 31 Desemba 2023. Matoleo ya Django ya msaada mrefu hupata miaka 3. Muda wa namna hiyo huzipa timu nafasi ya kupanga bajeti mara mbili au tatu.

Katika kipindi hicho toleo la zamani lipokee marekebisho ya usalama na ya upotevu wa data, pamoja na jambo moja linalosahaulika: maonyo mapya. Mkigundua miezi sita baadaye kwamba kitu fulani kinavunjika kimya kimya wakati wa kuhama, onyo lake liongezwe kwenye toleo la zamani, kwa kuwa huko ndiko waliko wanaolihitaji.